Rhoda Ngassa na Katuni Aliyoisimulia Mara Mbili

Tarehe 30 Juni, 2025, Mama Rhoda Ngassa, Mlezi Mkuu wa Makao ya Watoto Ghalani hapa Bariadi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kamati ya sherehe ilihangaika kumpata mtu wa kuandika wasifu wake. Mhasibu alisema amebanwa na hesabu za kufunga mwaka. Mwalimu wa awali alisema ataishia kuilowesha karatasi kwa machozi. Mpishi wetu, Mwanamisi, alisema yeye maneno yake yatakuwa kwenye pilau. Kalamu ikaniangukia mimi, dereva. Naikubali, kwa sababu mtu ukimwendesha miaka mingi unamjua, hasa akiwa ni yule anayemfundisha dereva kukata kona ilhali mwenyewe hajawahi kushika usukani.

Mama Rhoda ni mzaliwa wa Nassa, wilayani Busega, binti wa mkulima wa pamba. Mwaka 1994 alikuja Bariadi kumsalimia shangazi yake, akasikia kuwa makao yanatafuta mtu wa kufua nguo kwa muda, kwa kuwa mfuaji alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Akaishika kazi hiyo. Mfuaji yule hakurudi, na Mama Rhoda hakuondoka. Wakati ule mji huu ulikuwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga, na makao yalikuwa ndani ya ghala kuukuu la pamba. Ndiyo asili ya jina letu. Watoto waliamka asubuhi na nyuzi za pamba kwenye nywele, na kazi yake ya kwanza kila siku, kabla ya kugusa beseni la nguo, ilikuwa kuwachambua vichwa.

Kutoka kwenye ufuaji alihamia jikoni, kutoka jikoni akawa mlezi, na mwaka 2009 akawa Mlezi Mkuu. Katikati ya hapo alisomea cheti cha malezi huku akiendelea na kazi. Cheti hicho hakikutundikwa ofisini. Kiko jikoni, juu ya ndoo ya unga, kwa kuwa kwa maoni yake malezi hufanyika huko, na ofisini hufanyika vikao.

Wageni wengi wamemwona ni mpole. Ni mpole kweli, lakini wa aina ya jiwe la kusagia. Mfadhili mmoja aliwahi kutuletea mablanketi mazuri yaliyochapwa neno YATIMA kwa herufi kubwa kama sahani. Mama Rhoda alishukuru, akapeana mikono, akapiga picha. Vumbi la gari la mgeni lilipotulia getini, alimwita kila mwenye uwezo wa kushika sindano, dereva akiwemo. Tuliyashona yale mablanketi mawili mawili, maandishi yakabaki ndani pasipoonekana. Watoto wakalala na joto maradufu, na neno lile halijasomwa na mtu tena.

Ana kasoro zake. Hajui kuimba, na hajui kuwa hajui. Kwaya ya makao imejifunza kuanza bila kumsubiri. Hasamehi mtu anayemwaga ukoko wa ugali. Akishasema jambo litafanyika, unaweza kubishana naye ukipenda, lakini ni heri utumie muda huo kutafuta viatu.

Hata hivyo, muulize yeyote aliyelelewa Ghalani katika miaka hii ya karibuni habari za Mama Rhoda. Hatakusimulia mablanketi. Atakusimulia katuni.

Ilianzia kwa Sadick, mfanyabiashara wa mjini anayewaingizia watu nyimbo na filamu kwenye flashi. Alitupatia runinga iliyotumika na flashi moja iliyojaa katuni ya Kijapani. Watoto waliipa jina Watoto wa Stesheni. Haina mapigano wala majini. Ni habari ya mzee mtunza stesheni katika milima ya mbali, anayeishi na watoto wanne. Wanapika, wanaziba paa linalovuja, wanagombana, wanakosa treni, wanacheka. Mambo madogo kabisa. Halafu unashangaa unafuta macho.

Tatizo lilikuwa lugha. Sauti ilikuwa ya Kijapani na maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza. Watoto wa Bariadi wamezoea vibanda vya video, ambako filamu haiendi bila mtafsiri anayeisimulia juu kwa juu. Wakadai mtafsiri. Mama Rhoda akachukua mwiko, akasimama kando ya runinga, akaanza.

Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, na yale maandishi yalikimbia kama ndama aliyefunguliwa. Akayaacha yaende, akasimulia kwa kuangalia picha. Na Msukuma akimwona mzee anakula chungu kimoja na watoto, akiwakemea, akiwafunika wanaposinzia, haulizi mara mbili. Huyo ni guku, yaani babu yao, na hao ni wajukuu wake. Mama Rhoda aliwapangia ukoo mzima. Msichana mkubwa akawa mtoto wa binti wa kwanza wa guku. Yule mdogo mwenye kofia akawa kitinda mimba wa marehemu mwanawe. Theluji aliieleza kuwa ni ile barafu ya kwenye friji, ila Wajapani wameikosea pa kuiweka. Watoto walicheka hadi wakashika mbavu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana ukumbi ulijaa, na walioimaliza walidai irudiwe.

Sasa nimlete Anifa. Aliletwa na askari polisi wa kike kutoka Lamadi, baada ya kukutwa peke yake stendi, akiwa na miaka saba hivi. Hakulijua jina la baba yake wala la kijiji chao. Alijua kwamba nyumbani kulikuwa na maji makubwa na harufu ya dagaa, basi. Alikuwa mtoto asiyesumbua. Alikula, alisoma, aliosha sahani yake. Jumamosi alikaa mbele kabisa, karibu na runinga kiasi kwamba ilibidi avutwe nyuma kwa kola ya gauni.

Ndipo akaanza kutoroka. Mara ya kwanza alifika Ngulyati, akarudishwa na mama mmoja aliyekuwa akienda mnadani. Tulimwonya, tukamkumbatia, tukadhani yamekwisha. Mara ya pili alipita moja kwa moja hadi Lamadi. Nilimpeleka Mama Rhoda kumtafuta, naye njia nzima hakunifundisha kuendesha, hapo nikajua hali ni mbaya.

Tulimkuta mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na dagaa wanapoanikwa. Alikuwa amepita kwa wazee mmoja baada ya mwingine, anapiga goti, anaamkia shikamoo, kisha anauliza kwa adabu zake zote: “Wewe ndiye guku wangu?” Wengi walimjibu hapana na kumpa kipande cha samaki. Lakini mwanamume mmoja wa makamo, ambaye hata uzee wenyewe hakuwa nao, alikuwa amemjibu ndiyo. Alimwambia alikuwa akimtafuta siku zote. Alikwisha kumnunulia soda na kumshika mkono, wakielekea kwenye vyumba vya kupanga. Mchuuzi wa dagaa aitwaye Lukresia aliitilia shaka ile safari, akawazibia njia kwa beseni lake na kupaza sauti: “Huyu mtoto unampeleka wapi? Ndugu zake wako wapi? Njooni jamani!” Tulifika wakati huo. Mwanamume yule aliuachia mkono wa mtoto, akachanganyika na watu, na askari walipokuja hakuonekana tena. Mama Rhoda alimbeba Anifa mgongoni kama kichanga, mtoto wa miaka minane, akampeleka hadi kwenye gari.

Garini ndipo Anifa alipoeleza. Wale wa kwenye katuni, alisema, wanacheka kwa sababu wana guku wao wa damu. Guku ndiye anayewaweka pamoja. Sisi wa Ghalani hatuna, kwa hiyo siku moja tutatawanyika. Yeye alikwenda kumtafuta wa kwake mapema. Alisema hayo bila kulia, akaomba maji. Kuanzia siku hiyo wote tulijua lililo mbele yetu: mtoto huyu atatoroka tena, na hakuna ajuaye kama safari ijayo kutakuwa na Lukresia wa kuziba njia.

Wiki chache baadaye alikuja Mariana, mwanachuo wa ustawi wa jamii, kwa mafunzo kwa vitendo. Jumamosi yake ya kwanza alikaa nyuma akitazama katuni na watoto. Alimsikiliza Mama Rhoda, akayasoma yale maandishi, akakunja uso. Baadaye, jikoni, alisema taratibu, kwa woga wa mgeni: “Mama, samahani. Hawa watoto si ndugu. Yule mzee hajawahi kuwa hata na mtoto. Kila mmoja wao aliachwa pale stesheni, kwa wakati wake, na treni tofauti. Ndiyo hadithi yenyewe.”

Mwanamisi alikuwa anasonga ugali, akaacha. Mama Rhoda alikaa juu ya gunia la mahindi. Ile katuni ilikuwa inawahusu watoto wetu kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia getini, na yeye kwa mapenzi yake mema alikuwa ameigeuza ikawa ya watoto wenye bahati. Alikuwa amemfundisha Anifa, Jumamosi hadi Jumamosi, kwamba furaha ni ya wenye damu. Aliumia sana. Lakini Mama Rhoda hajui kuumia huku amekaa. Aliinuka, akamwambia Mariana: “Kesho tunaanza upya. Leta kamusi.”

Runinga ikafungiwa stoo. Watoto walinung'unika, na mkubwa wao kwa makelele, Boniventura, alitangaza kuwa makao yanawanyima watoto haki. Kiangazi chote kile, kila mchana watoto walipokuwa shuleni, Mama Rhoda na Mariana walikaa mbele ya katuni, rimoti mkononi, wakiisimamisha kila sentensi. Alitaka neno, kisha maana, kisha namna mtoto wa Bariadi angelisema. Kuna sentensi waliyobishania hadi chai ikapoa na kumwagwa. Mariana alimaliza mafunzo yake, akaomba kuongezewa muda, na chuo kikamruhusu.

Siku ya kurudi ukumbini, kabla ya kuwasha, Mama Rhoda alisimama mbele ya watoto akasema: “Nilikosea. Niliwaambia huyu mzee ni babu yao kwa sababu nilimwona anawapenda, nikadhani mapenzi hayo yanatoka kwenye damu tu. Si babu yao. Leo nitawaambia kweli.” Wakubwa wa nchi hii wapo ambao wangetafuta namna nyingine ya kulisema.

Watoto hawakupokea kirahisi. Boniventura alilalamika kuwa hadithi imeharibiwa. Wadogo wawili walilia, kwamba sasa guku si guku. Mama Rhoda akaendelea. Ikafika sehemu mtoto mwenye kofia anapomuuliza mzee kwa nini alimchukua. Mzee anajibu kwamba treni iliondoka, mtoto akabaki, na yeye pia alikuwa mtu aliyebaki. Mama Rhoda alilisema hilo kwa Kiswahili, akalirudia.

Ndipo Anifa akanyoosha mkono. Kwetu mzee akikutana na mtoto asiyemjua humuuliza we ni ng'wana nani, mtoto wa nani, na Anifa hakuwahi kuwa na jibu. Akauliza: “Sasa yule wa kofia ni ng'wana nani?” Mama Rhoda alifikiri, akajibu: “Ni ng'wana wa aliyempikia.” Sisi watu wazima tuliokuwa mlangoni tulitazama chini. Nilidhani hapo ndipo mambo yatakapoisha vizuri, mtoto atamkimbilia mama na kumkumbatia. Anifa alitikisa kichwa, akasema amesikia, ila yeye bado anataka kumjua wa kwake.

Hapa ndipo ninapompendea Mama Rhoda kuliko pengine pote. Hakumwambia asiwe mkaidi. Hakumwambia sisi tunatosha. Alimwambia: “Ni haki yako. Ila hutakwenda tena peke yako. Tutakwenda wote.”

Alikwenda ustawi wa jamii, akaomba kibali, akakipata. Kuanzia mwaka ule kila likizo yake ya mwaka ilikuwa ya Anifa. Walizunguka Lamadi, Kalemela, Nassa na vijiji vya pwani ya ziwa, kituo kwa kituo, mwalo kwa mwalo. Mimi niliwapeleka kila gari lilipopatikana, na lisipopatikana walikwenda kwa basi. Kaka yake Mama Rhoda, Joakim, pale Nassa, alilalamika kwamba dada yake akija likizo hakai. Ni kweli. Aliingia uani, akasalimia “Mwadila”, akanywa uji wake, akapumzisha miguu ya Anifa, wakaendelea. Joakim alipoona hakomi, alianza naye kuwauliza wavuvi, na hata sasa anajulikana huko kama mzee anayeulizia mtoto.

Kuna mwaka walikaribia. Mama mmoja wa Kalemela alimtazama Anifa akasema ni sura ya marehemu mdogo wake kabisa. Tulirudi kwake tena na tena. Watu wakakumbuka vizuri, miaka ikahesabiwa upya, ikaonekana mtoto wa marehemu yupo, ameolewa Magu. Anifa alilia siku ile hadi akapata homa. Nilimshauri Mama Rhoda, kwa heshima zote, kwamba sasa tuache, tunamtonesha mtoto kidonda. Alinijibu kuwa kidonda ni cha mtoto na mwenye kusema tuache ni mtoto. Mwaka uliofuata walikwenda tena.

Mafanikio mengine ya Mama Rhoda yako mengi, na kamati imeniagiza niyataje. Ndiye aliyepigania bweni la matofali, watoto wakalihama ghala. Ndiye aliyefanya kila mtoto wa Ghalani awe na ndoo yake, mswaki wake na siku yake ya kuzaliwa, na asiyejua yake alichagua, ndiyo maana tuna watoto wengi waliozaliwa sikukuu. Bustani yake ya viazi vitamu imetulisha michembe, yaani viazi vilivyokatwa na kukaushwa, miaka yote, na hata mwaka ule mvua zilipogoma hatukulala na njaa. Boniventura yule mwenye makelele sasa ni fundi umeme, na spika mtakazozisikia leo amezifunga yeye, kwa hiyo zikikoroma wa kulaumiwa mnamjua. Katuni bado inaoneshwa, kwa tafsiri ya pili, na mlezi anayempokea Mama Rhoda, Bi Shukrani, ameshaanza kuikariri.

Nataka wasifu huu uwe wa kweli, kwa hiyo niseme na hili: Anifa hatukumpatia ndugu. Hadi leo hakuna aliyejitokeza. Lakini niwaeleze safari ya mwisho.

Anifa alikuwa kidato cha pili. Tulikuwa Kalemela, asubuhi, watu wamejaa wakinunua samaki. Bibi mmoja mchuuzi alimkaribisha Mama Rhoda kwa salamu ndefu za Kisukuma, akamuuliza wageni mnatoka wapi na mnamtafuta nani, maana alishawahi kusikia habari za mwanamke wa Bariadi anayezunguka na binti. Mama Rhoda akaweka kikapu chini ili aanze maelezo, yale yale, aliyokwisha kuyatoa kila kijiji cha ziwa hili. Kabla hajafungua kinywa, Anifa alipiga goti, akamwamkia yule bibi, akasema: “Hatumtafuti mtu, bibi. Tumekuja kununua samaki tu, mimi na mama.”

Mama Rhoda hakugeuka kumtazama. Aliinama kwenye beseni, akaanza kupatana bei ya sato kwa sauti ya juu isiyo ya kawaida, akichagua na kurudisha, akichagua na kurudisha, akisema huyu mdogo, huyu hana macho mazuri, hali machozi yanamdondokea juu ya samaki. Bibi wa watu akadhani bei imemuumiza, akampunguzia. Tulirudi Bariadi na samaki ambao makao mazima yalishindwa kuwamaliza. Hatukwenda kutafuta tena.

Anifa leo yuko chuo cha uuguzi. Ameomba ruhusa, na ameshafika tangu jana.

Mama Rhoda, wafanyakazi wenzako wa Ghalani tunakushukuru kwa kila kichwa ulichokichambua pamba, kwa kila safari, na kwa moyo wa kusema nilikosea mbele ya watoto na kisha kuanza upya. Tunajua unakwenda Ngulyati kwenye shamba lako la karanga na kwamba umekataa kupumzika kabla hata hujashauriwa. Lima, mama, lakini keti pia. Mungu akupe afya, mvua za kutosha na maisha matamu ya ustaafu. Wabeja sana, asante sana.

Gari litakuwa tayari getini mara baada ya sherehe. Nimeambiwa nisihangaike na mizigo, kwa sababu Anifa amesema mizigo ya mama yake ataibeba mwenyewe.